Moto Katika Vyumba vya Walioondoka

Siku ya Jumatatu, kabla jua halijatoka, Mwajabu alibeba kaa la moto kwenye kigae akaenda kuwasha jiko katika chumba cha Mustapha, muuza kamba. Akakuta limekwisha kuwashwa.

Chumba hakikuwa na mtu. Mustapha na mkewe walikuwa wamehamia Gulwe tangu mavuno. Mlango ulifungwa kwa kamba, na fundo lilikuwa lile lile alilolifunga Mwajabu mwenyewe jana yake. Ndani, katikati ya mafiga matatu, kuni kavu zilikuwa zinawaka, zimepangwa ncha kwa ncha. Mwajabu hakuwa na kuni kavu. Vyumba vile alikuwa akiviwashia mabua.

Alisimama kidogo, akarudi kwake, akamwambia mumewe.

"Basi kazi imepungua," alisema Shaaban. "Vimebaki sita."

Tembe lile lilikuwa na vyumba vinane chini ya paa moja la udongo, vimejipanga mstari mmoja, na boriti za chumba kimoja ziliegemea ukuta wa chumba cha pili. Hapakuwa na tembe kubwa kuliko hilo pale Mbugani. Wakati wa misafara wapagazi walilala uani hadi wakakosa pa kukanyagia, na Mwajabu aliwapikia. Kisha Wajerumani wakaleta reli. Reli haikupita Mbugani. Ilipita Gulwe, mwendo wa kutwa kwa miguu. Mwaka wa kwanza misafara ilipungua, mwaka wa pili haikuja. Muuza kamba hakuwa na mizigo ya kufunga. Mshona viatu hakuwa na miguu ya kuivisha. Wakahama mmoja mmoja kuifuata reli.

Nyumba ya udongo isiyo na moto haikai. Mchwa hupanda nguzoni, mvua hupenya palipoliwa, na kwa kuwa boriti zimeegemeana, chumba kimoja kikianguka humvuta jirani. Ndiyo maana Mwajabu aliwasha moto kila alfajiri katika vyumba saba visivyo na watu. Alitaka moshi tu.

Shaaban alikuwa na sababu yake. Yeye ndiye aliyekuwa jumbe, mkuu wa Mbugani aliyewekwa na Wajerumani. Bwana mkubwa wa boma alikuwa ametuma askari kusema kwamba atakuja kuutazama mji kutoka mlimani, na kwamba nyumba isiyotoa moshi ataihesabu kuwa gofu. Magofu yakizidi nyumba za watu, mnada wa ng'ombe utahamishiwa Gulwe. Mbugani haikuwa imebakiwa na kitu kingine zaidi ya mnada huo.

Wenyeji wa pale walikuwa na desturi. Anayehama moja kwa moja hupindua figa moja kati ya matatu, akakiambia chumba: Tumekwenda, usitungoje. Shaaban aliizuia desturi hiyo. Alimwendea kila aliyefunga mizigo, akamsihi.

"Mkipindua mtakuwa mmeuzika mji," aliwaambia. "Semeni mtarudi. Ni neno tu. Linawapunguzia nini?"

Familia saba zikasema zitarudi. Hakuna hata moja iliyokuwa na nia hiyo. Wa mwisho kuondoka walikuwa Swaumu na mumewe na watoto wao watatu, waliokaa chumba cha saba, ukuta mmoja na Mwajabu. Swaumu alicheka alipokuwa akiliaga jiko lake. "Haya, bibi, tutarudi," aliliambia. "Usiolewe huku nyuma."

Mwajabu alibaki kwa sababu ya binti yake. Sikudhani alikuwa ameolewa na Mbwana, kibarua wa reli, na amerudi kwa mama yake kujifungua. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na miguu yake ilikuwa imevimba hata hawezi kufika kisimani, sembuse Gulwe. Mwajabu alikuwa mkunga. Alikuwa amewapokea watoto wa tembe lote, na wengine sasa walikuwa na ndevu. Hakuwa na haja na mji wala mnada. Alitaka mtoto huyu atoke mzima, aangukie mikononi mwake.

Jumanne alikuta vyumba viwili vinawaka. Jumatano vitatu. Moto ulikuwa unakuja kwa mpangilio, kutoka upande wa mbali, chumba kwa chumba, kuelekea kwao.

"Ni watu wa porini wanapita," alisema Shaaban. "Wanaota moto, wanakwenda zao."

"Na mbona fundo langu halijafunguliwa?"

"Mama Siku, wanawake wenzako wanakwenda hadi mlimani kutafuta kuni. Wewe unawashiwa bure, unalalamika."

Alhamisi Mwajabu alisikia ufagio. Jua lilikuwa limechomoza. Alikuwa uani anapepeta uwele, na ufagio ukapita upande wa pili wa ukuta wa chumba cha nne, taratibu, kama wa mtu asiye na haraka. Alipofungua mlango sakafu ilikuwa imefagiliwa vizuri na mistari ya ufagio ilionekana vumbini hadi ukutani, lakini palipokuwa pamesimama mfagiaji hapakuwa na alama ya mguu. Harufu ya uji wa uwele ilikuwa imejaa chumbani. Hapakuwa na chungu.

Hakumwambia Sikudhani. Alimwambia Shaaban, naye safari hii hakutania. Alikwenda akachungulia, akarudi, akakaa.

"Moshi unatoka?" aliuliza baada ya muda.

"Unatoka."

"Basi tuvumilie hadi Jumatano ijayo. Bwana mkubwa akishapita, nitakwenda kumwita mtu aje atazame."

"Na mtoto akitangulia Jumatano?"

Shaaban alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Ijumaa zilianza sauti. Hazikuwa za kutisha, na hilo ndilo lililomtisha Mwajabu. Mtu alikohoa kama Mustapha anavyokohoa, mara mbili kisha kimya. Mwanamke alimwita mtoto aje anawe. Kulikuwa na kicheko, na baada ya kicheko mwanamume akasema, "Muulize Shaaban, ndiye anayejua." Mwajabu alikuwa ameishi na watu wale zaidi ya miaka ishirini na aliijua kila sauti, ila sasa sauti zote zilikuwa na kasoro moja: hazikuvuta pumzi. Zilianza zikaisha, kama maji yanayomiminwa.

Jumamosi jioni, jua likizama, alimkuta Sikudhani ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa chumba cha Swaumu, macho ameyafumba, anatabasamu.

"Mama, Swaumu amerudi?"

"Nani kakwambia?"

"Namsikia anabembeleza mtoto. Ukuta una joto, maumivu ya mgongo yanapoa."

"Toka hapo."

"Mama, najisikia vizuri hapa."

"Siku, nimesema toka hapo ukutani!"

Alimvuta kwa mikono miwili akamlaza upande wa pili wa chumba. Mgongo wa gauni la Sikudhani ulikuwa umeingia masizi, na masizi yale yalikuwa na umbo la vidole, vingi, vidogo na vikubwa, kama watu kadhaa waliokuwa wakimkanda kwa zamu.

Uchungu ulianza alfajiri ya Jumapili. Alfajiri hiyo hiyo vyumba vyote saba vilikuwa vinawaka.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama yanavyokwenda siku zote. Mwajabu alichemsha maji, akatandika ngozi, akafunga kamba kwenye boriti ili binti yake aishike. Kufika saa nne njia ilikuwa imeanza kufunguka. Kisha ikasimama. Uchungu ulikuja na kuondoka bila kusogeza kitu, na kila ulipokuja, wanawake waliokuwa nyuma ya ukuta walisema pamoja, kwa upole, "Vumilia, mwanangu, vumilia, tuko hapa," na Sikudhani, aliyekuwa amelowa jasho na hajui tena saa wala siku, aligeuza uso upande ule na kuwajibu.

"Mama, mbona huwaiti ndani?" aliuliza. "Majirani wanakaa nje juani."

"Nishike mkono mimi. Usiwajibu."

"Watasema tuna kiburi."

Jua lilipofika utosini na kivuli cha kila kitu kikawa chini ya kitu chenyewe, mtu alibisha.

"Hodi, mzazi."

Mwajabu aliweka mgongo wake mlangoni.

"Nani?"

"Sisi."

"Sisi nani?"

"Majirani," sauti ya Swaumu ilisema, na nyuma yake zikaitika nyingine, ya mke wa Mustapha, ya mke wa mshona viatu, ya bibi wa chumba cha pili aliyekwenda Gulwe amebebwa mgongoni na mwanawe, zote zikisema neno moja kwa mara moja bila kupishana, majirani, majirani, na chini ya mlango, pale palipokuwa na nafasi ya vidole vinne, Mwajabu aliona mwanga wa jua umekatika kama unavyokatika watu wanapopanga foleni, lakini hakuona miguu. "Tumekuja kumpokea mtoto. Desturi ni desturi, mama Siku. Ulitupokelea wa kwetu."

"Sijawaita."

"Umetuwashia moto kila siku."

Mwajabu aliukaza mgongo mlangoni. Alipiga kelele kumwita mumewe.

Shaaban alikuwa amekaa kwenye kisiki cha uani, hatua ishirini kutoka mlangoni. Aliona uani hakuna mtu. Alisikia kila neno. Alipoinuka, hakwenda mlangoni. Alipita nyuma ya tembe akakimbia kuelekea mlimani alikokaa Matonya.

Matonya alikuwa mganga wa Kigogo, mzee mwembamba mwenye masikio yaliyotobolewa. Alikuja na Shaaban kabla ya alasiri, mkononi na mkia wa nyumbu na kibuyu kidogo. "Mbukwa," alisalimia kutoka mbali, akitazama paa badala ya kumtazama mtu. Aliipita milango yote saba bila kuingia mmoja. Alipofika wa mwisho aliuliza:

"Moto huu mlimwashia nani?"

"Mchwa, mzee," alisema Shaaban. "Tulikuwa tunafukuza mchwa."

"Na mafiga mbona yako wima?"

Shaaban alichungulia ndani.

"Waliokaa humu waliaga vipi?"

"Walisema watarudi. Mimi ndiye niliyewaambia waseme."

"Kweli watarudi?"

"Hapana."

Matonya alikaa chini, akamwaga unga wa kibuyu kiganjani. "Porini kuna vitu visivyo na kwao," alisema. "Vinapita, havigusi mtu. Wewe umeviwekea nyumba saba, moto, na mafiga, na nyumba zimeambiwa zingoje watu. Vimeona ni adabu kuitika. Sasa ni majirani zako, na jirani huingia kwenye uzazi."

"Wakimpokea mtoto?"

"Atakuwa amezaliwa kwao."

"Tufanye nini?"

"Mimi nitasimama kwenye mlango wa mzazi. Wewe utaingia kila chumba, utapindua figa, na utasema kweli. Mimi siwezi kusema. Uongo si wangu."

Shaaban alitazama paa. Moshi ulikuwa unapanda sehemu nane, umenyooka, kama wa mji wenye watu. "Nikipindua moto utakufa," alisema. "Bwana mkubwa anakuja Jumatano. Mnada utaondoka."

"Basi ngoja Jumatano," alisema Matonya, akaanza kuinuka. "Mimi nimeacha mbuzi peke yao."

Kutoka ndani, sauti ya Mwajabu ilipasua mlango. "Shaaban! Ukiutaka mji nenda ukalale nao! Mimi namtaka mtoto!"

Shaaban aliingia chumba cha Mustapha.

Matonya alisimama na mgongo mlangoni kwa Mwajabu, akimwaga unga mstari mmoja kizingitini, na kutoka hapo alimsikia jumbe akitamka maneno yake. "Mustapha amekwenda, harudi." Jiwe likagonga sakafu. Moshi wa kwanza ukakatika kama uzi. Akatoka, akaingia cha pili. "Bibi amekwenda, harudi." Katika cha tatu alikaa zaidi. Katika cha nne alisikika akizungumza na mtu kwa sauti ya chini, akikana jambo, kisha jiwe likagonga. Alipotoka cha sita nywele zake zilikuwa zimejaa majivu, na alikuwa akishika ukuta ili atembee.

Cha saba kilikuwa cha Swaumu.

Ndani kulikuwa na giza na moto mkubwa, na giza halikupungua kwa ajili ya moto. Jiko lilikuwa limezungukwa. Shaaban hakuona watu, aliona tu kwamba mwanga wa moto haukufika ukutani, ulizuiwa katikati ya njia na vitu vilivyochuchumaa bega kwa bega, wote waliofukuzwa kutoka vyumba vingine wakiwa wamekuja kubanana hapa, na kwenye kona, juu ya sakafu tupu, kulikuwa na pumzi tatu ndogo za watoto waliolala, pumzi za kwanza alizozisikia kutoka kwa kitu chochote mle ndani tangu Jumatatu, na zilikuwa pumzi za kujifunza, zikienda haraka mno, zikisimama, zikianza upya, kana kwamba mtu alikuwa ameonyeshwa namna ya kupumua asubuhi ile ile na alikuwa anafanya mazoezi kabla ya mgeni kufika.

"Shemeji," ilisema sauti ya Swaumu, "watoto wamelala. Unatutoa kwenda wapi?"

"Sijui."

"Ulisema tutarudi. Si tumerudi?"

"Nilidanganya," alisema Shaaban. "Nilitaka mji usife. Swaumu amekwenda, na mumewe, na watoto. Hawarudi. Hakuna anayengojwa hapa."

Figa lilikuwa la moto. Alilishika kwa mikono miwili akalipindua, na ngozi ya viganja ikabaki juu yake.

Nyuma ya ukuta Sikudhani alipiga ukelele mmoja, mtoto akatoka. Alikuwa msichana. Alilia mara moja, kwa nguvu zote. Mwajabu alimpokea, akamfuta, akausikiliza ukuta wa Swaumu. Hapakuwa na vigelegele. Alipiga vyake mwenyewe, peke yake, na alikuwa akilia.

Jioni Matonya alikula ugali uani. Shaaban alikaa mbele yake, mikono imefungwa majani.

"Vimetoka?"

"Vimetoka."

"Vimekwenda wapi?"

Mganga alitafuna akameza. "Umeviambia wenye nyumba wamekwenda na hawarudi. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi?"

Mwajabu, aliyekuwa mlangoni na mtoto kifuani, alielewa kabla ya mumewe, akatazama upande wa Gulwe.

"Lazima tuwapelekee habari," alisema.

"Habari gani?" alisema Shaaban. "Kwamba nimefukuza majini kwangu nikawaelekeza kwao?"

"Ndiyo. Hiyo hiyo."

Shaaban hakuipeleka. Jumatano bwana mkubwa alisimama mlimani na darubini, akaona moshi mmoja kwenye tembe kubwa. Kabla ya mwezi kuandama mnada ulikuwa Gulwe, na Shaaban hakuwa jumbe tena. Mvua ikaja. Chumba cha Mustapha kilianguka kwanza, kikakivuta cha pili, kama ilivyotegemewa. Mwajabu hakuwasha moto mahali popote ila jikoni kwake. Mtoto alinyonya, akanenepa. Walimwita Mwajuma, jina la bibi yake mzaa baba, na wakapanga kwamba arobaini ikitimia, Sikudhani atarudi Gulwe kwa mumewe. Kila Mwajabu alipofikiria safari hiyo alitafuta sababu ya kuiahirisha, na alipata.

Siku ya thelathini na nane, adhuhuri, alisikia watu barabarani. Alitoka na mjukuu mgongoni. Ilikuwa familia yenye mizigo kichwani, inatoka upande wa Gulwe. Mbele alikuwa Swaumu, amekonda, macho mekundu.

"Mama Siku!" alisema. "Tumerudi. Utatucheka."

"Kumetokea nini?"

"Hatulali, mwenzangu. Kwa Mustapha hawalali, kwa bibi hawalali. Kila adhuhuri na kila usiku wa manane mtu anabisha mlangoni anauliza tunarudi lini. Ukifungua hakuna mtu. Kesho yake anauliza tena, kwa adabu. Mume wangu akasema, kama ni kurudi ndiyo dawa, basi na turudi." Alivuta pumzi. "Tangu tulipoanza safari jana hajauliza tena. Tumelala njiani usingizi wa kwanza tangu mwezi uliopita. Huyo mgongoni ndiye mtoto? Hebu nimwone."

Mwajabu alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa akimsikiliza Swaumu huku akiwatazama waliokuwa wakitua mizigo nyuma yake. Alikuwepo mume. Walikuwepo watoto watatu, aliowapokea kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Na nyuma ya mtoto mdogo alisimama wa sita, ambaye hakubeba mzigo, ambaye miguu yake hapo vumbini haikuwa imeacha alama, akipumua taratibu na vizuri, kama mtu aliyekwisha kujifunza.

"Mama Siku," alisema Swaumu, akicheka kwa uchovu, "tumesimama juani. Hodi basi."

Mwajabu alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akamfunika kwa mikono yote miwili. Hakusema karibu.